Geti Nililomchomelea Mama Mshauri

Kwa hiyo miaka yote ile ilikuwa bure? Kwa sababu jana amenitukana mbele yako, basi hakuwahi kuwa na kitu kichwani? Hapana bwana. Hilo nalikataa. Na ukilirudia pale Igoma mbele ya mafundi nitalikataa kwa sauti kubwa zaidi, na sauti yangu unaijua.

Ninayembishia ni seremala, jirani yangu wa kazini. Kibanda chake na changu vinatenganishwa na bati moja tu. Yeye anapiga randa upande ule, mimi nachomelea mageti na grili upande huu, na tumezoea kugombana kupitia bati. Jana tulikuwa wote Kisesa, kwenye nyumba moja, yeye kwa kazi ya mlango na mimi kwa kazi ya geti. Wakati wa kurudi tumepanda nyuma ya guta na vifaa vyetu, akanigeukia.

"Umeona sasa, dogo? Huyo ndiye alikuwa anafundisha watu kutuliza akili. Akili yenyewe iko wapi?"

Sikumjibu. Usifikiri ni busara. Nilikuwa nimepakata mashine ya kuchomelea, na mimi nikiongea kwa hasira mikono yangu inaongea pia, ningeidondosha barabarani. Leo mashine iko chini. Naandika. Mimi shule niliishia kidato cha pili, kuandika nimejifundisha kwa kuandika na kusoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi, kwa hiyo ukiona narukaruka nivumilie. Mtu mwenyewe hakuwa wa mstari mmoja.

Jina lake sitaji. Kila mtu alimwita Mama Mshauri, kuanzia wagonjwa mpaka muuza dagaa, na nadhani mwenyewe alishaanza kusahau jina jingine kabla hata hajaanza kusahau kweli. Alikuwa nesi wa wagonjwa wa akili katika kituo kimoja cha afya. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, zamani kilikuwa stoo ya vyandarua, na ile harufu ya dawa ya vyandarua haikutoka hata siku moja. Viti viwili, meza moja, dirisha halifungi. Na ungo wa mchele.

Ule ungo watu wameuongelea sana. Ukiingia kwake, kabla hujasema shida yako, anakusogezea ungo mchambue mawe pamoja. Mchele wa Magu, ule wa kuanika barabarani, mawe mengi. Unachambua, unaongea, unajikuta umeshasema mambo ambayo hata padri hujamwambia. Alikuwa anasema, "Mkono ukiwa na kazi, mdomo unaacha aibu." Basi kuna wasomi fulani walikuja kumtembelea, wakasema aa, huu ni mfano mzuri sana, mtu anajifunza kutenganisha yaliyo yake na yasiyo yake, kama mchele na mawe. Mama Mshauri akawatazama tu. Walipoondoka akaniambia, "Mfano gani? Hicho ni chakula changu cha mchana."

Mimi nilifikishwa pale na bomba la chuma. Kuna mteja alikuja kuchukua geti lake, akasema limepinda, nikasema halijapinda, akasema limepinda, halafu akaongeza, "Ndiyo maana hata mama yako alikutupa." Sasa hilo ni kweli. Mama aliniacha kwa bibi kule Magu nikiwa sijajua kusema, hakurudi. Mtaani wanajua. Ila kuna tofauti ya watu kujua na mtu kulichukua akakupiga nalo usoni. Nilimvunja mkono. Mwenyekiti wa mtaa aliwaweka wazee kati, yule mteja akakubali yasifike mbali, sharti moja: niende kwa Mama Mshauri kila Jumanne mpaka mwenyewe aseme basi.

Niliingia nimefunga uso kama ngumi. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Magu.

"Msukuma?"

"Msukuma."

Akapiga makofi. "Aka! Mimi Mzaramo! Umejileta mwenyewe kwa mtani wako, leo umepatikana."

Na akaanza. Wewe mtu wa Bara unajua utani wa makabila ulivyo, mtani hana mpaka. Akasema sisi ndio tunaovaa soksi nyekundu na ndala tukaenda mjini tukasema tumependeza. Akasema kichwa changu kimekauka kama michembe, vile viazi vya kukausha juani, kikilowekwa siku mbili huenda kikalainika. Akasema nina macho ya ng'ombe aliyekataa kuogeshwa. Robo saa nzima. Mimi nikajikuta nacheka, na kujibu pia, kwamba Wazaramo wanauza shamba ili wakacheze ngoma, halafu wanarudi kulilia kivuli cha mnazi. Tukacheka mpaka mgonjwa mwingine akachungulia mlangoni.

Halafu akaacha kucheka. Akachukua jiwe moja kwenye mchele akaliweka mezani.

"Nimekuita mshamba. Nimekuita ng'ombe. Mbona hujanivunja mkono?"

"Si wewe ni mtani, mama."

"Na yule wa geti?"

"Yule si mtani."

"Kwa hiyo maneno yenyewe hayana meno," akasema. "Meno unayaweka wewe. Mimi umenitoa, yule umemwekea."

Nikasema siyo sawa, maana yule alikusudia kuniumiza na yeye hakukusudia. Akasema vizuri, bishana, lakini hata kukusudia kwake ni kazi yake yeye. "Yako ni ipi?" Nilitoka pale nimekasirika. Jumanne iliyofuata nilifika kabla yake.

Mambo hayo hakuyatunga. Alikuwa na rundo la fotokopi zimetobolewa na kufungwa kamba ya nailoni, alizopewa kwenye semina ya tiba ya mazungumzo, zamani. Kiingereza kitupu. Humo walieleza kwamba hii tiba ya kisasa, ya kumsaidia mtu kukamata wazo lake kabla halijawa hasira au woga, mizizi yake ni watu wa kale sana wa Ugiriki na Rumi. Wastoiko. Mmoja alikuwa mtumwa mwenye mguu mbovu, mwingine mfalme mwenye majeshi, na wote wawili wanasema jambo moja, kwamba kinachotusumbua siyo kitu chenyewe, ni kile tunachojiambia juu ya kitu. Nikamwambia, mama, Wastoiko si ndio wale waliobishana na Paulo kule Athene? Bibi yangu alikuwa ananisomea. Akasema, "Paulo mimi simjui vizuri, ila kama walibishana naye basi walikuwa watu hai."

Zile fotokopi nilizisoma zote kwa kamusi ya kwenye simu. Zilinichukua mwaka. Kuna kurasa nimezichoma kwa cheche za kuchomelea, alinigombeza kama nimechoma nyumba.

Alinipa daftari. Ukurasa unaugawa mara tatu: hapa kilichotokea, hapa ulichojiambia, hapa ulichofanya. Kila siku jioni unajaza, hata kama ni tusi la kondakta. Mwanzoni sehemu ya katikati nilikuwa naiacha tupu. Nikamwambia hamna kitu hapo katikati, mtu ananikera, napiga, basi. Akasema, "Hapo katikati pana mtu amejificha. Mtafute. Huyo ndiye wewe." Na neno lake jingine, hili nimeliandika kwa chaki kwenye bati la kibanda changu, seremala huliona kila siku: hasira siyo moto, hasira ni hukumu; ulishahukumu ndipo ukawaka.

Sasa usije ukadhani nakuletea malaika. Yule mama alikuwa na visirani vyake. Alifundisha watu kuzoea kukosa, yeye mwenyewe kila Alhamisi alikula ugali wa jana bila mboga na hakupanda gari, alitembea kwa miguu jua kali ili, anasema, mwili usimpandie kichwani. Vizuri. Lakini umeme ukikatika na soda yake ikapata joto, aisee, kaa mbali. Niliwahi kumkuta anagombana na friji. Anaipiga kofi. Nikamuuliza, mama, umeme upo mikononi mwetu? Akanirushia ndala.

Na ziwa. Mtu amezaliwa karibu na bahari, amekaa Mwanza miaka mingi kuliko umri wangu, hajawahi kupanda kivuko. Hata mara moja. Wagonjwa wake wenye woga wa maji alikuwa anawapeleka mpaka ukingoni pale, anawapandisha mmoja mmoja, anawapungia mkono, yeye anabaki na mikoba yao. Mmoja akamuuliza, na wewe je? Akasema, "Nimekwambia nafundisha. Sijakwambia nimefaulu."

Kisukuma chake pia. Alijua neno moja, Mwangaluka, salamu ya asubuhi. Alilitumia asubuhi, mchana, jioni, msibani, harusini. Watoto walimcheka, wakamfundisha kwamba mchana ni Mwadila. Akasema kwake yeye jua ndiyo kwanza linachomoza.

Bibi yangu alipofariki nilikuwa nimekatika vipande viwili. Huyo ndiye mama pekee niliyemjua. Tumekaa Magu pale nyumbani, kaburi limeshachimbwa, watu wamenuna, mara natazama Mama Mshauri huyo anashuka kwenye gari na viatu mkononi. Alienda moja kwa moja kwenye rundo la udongo akakaa juu yake. Kwa haki ya mtani msibani, akasema huyu bibi haingii humo, ni mke wake aliyemposa kwa nazi mbili, Wasukuma wamemla bure, wamlipe jogoo. Mjomba wangu, mtu mgumu, akaanza kutetemeka mabega nikadhani analia, kumbe anacheka. Watu wakacheka wakiwa na machozi usoni. Wakamkamatia jogoo, ndipo akashuka. Baada ya mazishi yule jogoo alimrudisha, akaketi jikoni na wanawake, akamenya viazi siku mbili, hakuniambia neno hata moja la mafundisho. Hata moja. Hilo nilipaswa kuliona. Sikuliona.

Ndipo nafika kwenye kosa langu, na seremala hapa ana haki, siwezi kumnyima.

Mtoto wa kike wa seremala alikuwa na miaka minne. Alikuwa anakuja kibandani anaokota maranda ya mbao anajitengenezea nywele. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Mimi wakati huo nimeshiba fotokopi, nimekuwa mwanafalsafa wa Igoma, kila mtu akilalamika namwambia hilo halimo mikononi mwako. Siku ya tatu ya msiba nikamsogelea seremala, nikamshika bega, nikamwambia, "Kaka, hukumpoteza. Umemrudisha kwa mwenyewe."

Alinimwagia chai ya moto. Kikombe kikafuata.

Jumanne nikaenda kumsimulia Mama Mshauri, na, nisamehe, nilitegemea sifa, maana nilimwagiwa chai na sikurudisha. Nikamwonyesha na sehemu ya katikati niliyoijaza vizuri kabisa. Aliisoma. Akaufunika ungo kwa kanga. Akafunga chumba, foleni ya wagonjwa imekaa nje, akawaambia wanilaumu mimi, siyo yeye, akanishika mkono kama mtoto mtoro, tukatembea mpaka kwa seremala.

Alipoingia tu uani akapiga yowe. Hakuwa anamjua yule mtoto. Alilia na mama wa mtoto mpaka wakaanguka wote kwenye mkeka. Alikaa pale mpaka jua likapoa. Seremala alikuwa kwenye kigoda, anaangalia chini, na mimi nimesimama ukutani na shati langu lenye doa la chai.

Wakati wa kurudi nikashindwa kujizuia. "Mama, wewe si unasema kifo hakimo mikononi mwetu?"

"Kifo hakimo," akasema. "Kulia na mwenzangu kumo."

Tukatembea. Halafu akasema bila kunitazama, "Yale maneno ni ya kujiambia mwenyewe. Ukijiambia ni dawa. Ukimwambia mwenzio ni jiwe. Leo umempiga mtu jiwe siku ya tatu ya msiba, bora ungempiga na bomba lako." Ndiyo siku pekee aliyonisema nikalia. Nilimwomba seremala msamaha, ilimchukua muda mrefu kunijibu, na mpaka leo nikisema neno "Wastoiko" anasaga meno. Sawa. Lakini kaka, kumbuka vizuri. Jiwe nilirusha mimi. Aliyekuja kulia alikuwa yeye.

Ugonjwa ulianza kidogokidogo. Alimsalimia mgonjwa mmoja mara tatu kwa dakika kumi. Akaweka chumvi kwenye chai, akainywa, akasema imenoga. Alipostaafu tukadhani ni upweke. Binti yake akamchukua kwake Kisesa, wakaenda hospitali kubwa, daktari akasema ubongo unasinyaa, utaendelea kusinyaa.

Nilikwenda kumwona wakati bado ana siku nzuri na siku mbaya. Ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo baya. Alikuwa anajua. Tukakaa kwenye baraza, mchele upo mapajani, akaniambia taratibu, "Msukuma, mimi nimefundisha watu kuacha. Nyumba siyo yako, cheo siyo chako, mwili siyo wako, hata mtoto. Nikasema kimoja tu ndicho chako, hii akili ya kuamua. Hiki hakuna wa kukunyang'anya. Sasa tazama. Hiki ndicho kinachoondoka." Akanishika kifundo cha mkono. "Sasa nishike nini?"

Nilirudi nyumbani nikazipekua fotokopi zote, mbele nyuma, zile zilizoungua na zisizoungua. Yule mtumwa na yule mfalme, wote walikufa na akili zao. Hakuna aliyejibu.

Miezi ikapita. Wiki iliyopita binti yake akanipigia simu. Mama anatoka. Anafungua mlango anakwenda mpaka barabara kubwa ya Musoma, anasimama katikati anasalimia malori. Mara mbili wamemwokoa. Alitaka mlango imara na geti la bati zito lenye komeo la nje. Sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Kaka, najua ulivyo kwake. Ukikataa nitatafuta fundi mwingine."

Nikataka kukataa. Mimi nimfungie yule? Halafu nikafikiria fundi mwingine, geti lenye ncha, bati limeachwa na makali. Nikasema nakuja. Nikamchukua seremala kwa ajili ya mlango.

Nilikuwa nimeinama nachomelea bawaba ya chini alipotoka. Kanga moja, kiatu kimoja. Nikazima mashine, nikainua barakoa ya kuchomelea, nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Nani huyu anafunga nyumba yangu?"

Binti akasema, "Mama, ni fundi. Yule Msukuma wako."

Akanitazama. Kisha uso wake ukakakamaa, na akasema kwa sauti kavu ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Namjua. Huyu mama yake alimtupa Magu. Angekaa naye wa nini? Mtoto mwenyewe wa kuvunja watu mikono. Hata mimi ningemtupa."

Seremala aliacha kupiga randa. Binti alijifunika mdomo.

Mkononi nilikuwa na bomba la inchi moja. Nalisema kwa sababu ni kweli: nilihisi uzito wake. Siyo kwamba ningempiga yule mama, hapana, Mungu apishe mbali, lakini mkono ulikumbuka. Tusi lilelile. Na lilivyozidi lile la mteja ni kwamba huyu maneno hayo nilimpa mwenyewe, kwenye ungo, Jumanne baada ya Jumanne. Nilikwenda kwenye bomba la maji, nikaweka kichwa chini ya maji na nguo zangu.

Na hapo chini ya maji nikajaza ukurasa. Kilichotokea: mgonjwa amesema maneno. Nilichojiambia? Nikamtafuta yule aliyejificha katikati, nikamkuta. Nilikuwa nimejiambia, kumbe ndivyo alivyokuwa ananiona siku zote. Hilo ndilo lililokuwa na meno. Siyo neno lake. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Basi nikaliuliza, ni kweli? Yule aliyekaa juu ya udongo wa kaburi la bibi yangu na viatu mkononi, ndivyo alivyokuwa ananiona?

Nikarudi maji yananidondoka. Nikasimama mbele yake.

"We Mzaramo! Mama yangu alinitupa, sawa, lakini nilidondokea kwenye maziwa ya ng'ombe. Wewe ulitupwa na mnazi ukadondokea ngomani, mpaka leo hujaamka!"

Nikaona nimeharibu. Midomo yake ikacheza kidogo. Sijui kama ni kicheko, sitakudanganya.

"Msukuma," akasema. "Ungo uko wapi?"

Binti akaleta. Tukakaa chini, mimi nimelowa, tukachambua. Alikuwa anachambua kwa umakini uleule, kidole kilekile, lakini alikuwa anatoa mchele anawatupia kuku, na mawe anayaacha kwenye ungo, anayapanga vizuri. Binti akataka kumrekebisha, nikamkonyeza amwache. Mchele huo ulipikwa, uliobaki na mawe yake. Seremala alitafuna tonge la kwanza, likasikika, akasukuma sahani akasema atakula Igoma. Mimi nilikula. Nilikula sahani yote. Jino langu moja mpaka leo linauma.

Sijapona, usidhani. Jana hiyohiyo jioni nilimtukana konda bila sababu, na nimejaza ukurasa mzima kwa aibu. Lakini kabla ya kuondoka Kisesa nilifanya kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniagiza. Nilichukua grainda nikakata tundu kwenye bati la geti, ukubwa wa daftari, usawa wa macho yake. Nikalainisha kingo kwa tupa mpaka nikapitisha ncha ya kidole changu bila kukwaruzika. Binti akauliza, "Sasa si atakuwa anachungulia wapita njia?" Nikamwambia achungulie. Komeo lazima liwepo. Tundu nalo lipo.

Tukapakia vifaa kwenye guta. Geti likafungwa kwa mara ya kwanza, nililolichomelea kwa mikono hii, na nilisikia komeo likiingia. Halafu vidole vinne vikatokea kwenye tundu, vikashika kingo. Na jicho.

"Mwangaluka!" akaita. Saa kumi jioni.

"Mwangaluka, mtani."

Seremala alikuwa anatazama pembeni. Kilomita moja baadaye ndipo akaniuliza lile swali lake, akili yenyewe iko wapi.

Sasa nakujibu, kaka, na wewe mwingine unayesoma hapo umetulia ukimhukumu mama wa watu kwa siku zake za mwisho. Ya kwake imemtoka, ameitumia yote, nyingine iliishia kwenye mkeka wa nyumba yako akimlilia mtoto ambaye hakumjua. Yako bado unayo, nzima, hapo kichwani. Leo umeifanyia nini?